Mafiga Chini ya Herufi

Saa nne usiku, Rau, umeme umerudi.
Mbele yangu kurasa mia na kumi na mbili
za kitabu cha mazoezi cha chuo cha uchungaji,
kilichapwa enzi za stensili,
Kiebrania kitupu, konsonanti peke yake,
nguo zimeanikwa, wenyewe hawapo.

Mwalimu Kaanaeli macho yamemchosha.
Alisema: Aikande, mpe mashine itie irabu,
wewe kagua.
Mwaka wa kwanza wasisome kwa kubahatisha,
hapa si kwenye bahati nasibu.

Naingiza ukurasa. Nameza mate mara moja tu
na nukta zimeshatua chini ya mistari
kama kumbikumbi chini ya taa.

Nimezipa majina ya nyumbani.
Nukta moja: punje ya ulezi.
Mbili sambamba: pua ya ndama.
Tatu: mafiga, yanangoja sufuria ya kiburu.
Na kile kistari chenye mkia,
kijembe cha palizi.

Inajua, siikatai.
Imesoma vitabu ambavyo mimi nitakufa sijavigusa.
Hutazama jirani wa kulia, jirani wa kushoto,
hukumbuka nani huandamana na nani,
kisha huchagua.
Mara nyingi mno hupatia, hata naona aibu
kuitwa mkaguzi.

Ukurasa wa arobaini na moja.
D, B, R.
Ukiweka vijembe viwili, linasomeka neno.
Ukiweka mafiga huku na mafiga huku,
tauni.
Bwana alituma — nini? — kwa Yakobo.
Mashine imeandika neno. Haikusita.
Neno ni jingi vitabuni, tauni ni chache,
na yenyewe hufuata wengi.
Lakini mwalimu alituambia
wafasiri wa kale, kule Misri,
kwa herufi hizi hizi walisoma mauti.

Nikaondoka mezani.
Katika kopo la kahawa, chini ya sindano na vifungo,
iko simu yangu ya zamani, ya vitufe.
Ndani yake mdogo wangu Elikunda
(Eli ametoka kitabu hiki hiki,
kunda ni Kichagga chetu, ni kupenda)
aliandika kutoka machimboni Mererani:

Dd ntkf. Usjl. E.

Alipogoa maneno kama mtu anayepogoa mibuni.
Aliamini irabu zinakula salio.

Mama alisoma nitakufa,
akakaa chini palepale, kwenye majani ya ng'ombe.
Mimi nilisoma nitakufaa.
Ada yangu ilikuwa imebaki laki mbili na sabini.
Kati yetu ilikuwa a moja,
na hatukusemezana hadi Jumapili.

Wiki ile ada ililipwa.
Risiti haikuwa na jina la mlipaji.
Simu ya Elikunda haikupatikana,
haijapatikana,
na mwaka huu ni wa tisa.

Sasa niseme nililolifanya, maana usiku ni mrefu.
Mwezi jana niliipa akili mnemba ujumbe ule.
Nilitaka ichague baina yangu na mama.
Ikanijibu kwa adabu, kama karani wa benki:
Huenda mwandishi alibadilisha herufi mbili kwa haraka.
Huenda alikusudia ntfk.
Nitafika.

Nilifunga kompyuta kwa nguvu, mbwa wa jirani akabweka.
Nani amekuruhusu kugusa mifupa?
Uliitwa kuweka nukta.
Kisha nikaifungua tena
nilisome neno lile mara ya pili.

Sijamwambia mama.

Ukurasa wa arobaini na moja nimeukagua.
Kwenye D, B, R nimefuta vijembe
na mafiga sikuyaweka.
Mwalimu ataweka miwani, atauliza mbona pako uchi.
Nitasema mashine ilipitiwa.
Au nitanyamaza, aanze yeye kusoma,
kwa sauti, polepole,
nisikie mdomo wake unaelekea wapi.